Nasi Mtufunge Mkanda: Barua ya Wazi kwa Wizara ya Maliasili na Utalii

Katibu Mkuu,
Wizara ya Maliasili na Utalii,
Dodoma.

YAH: OMBI LA HOTELI YA KIFURUSHI KATIKA KISIWA CHA RUKUBA

Ndugu Katibu Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wa Musoma hatujambo. Ziwa lipo, jua lipo, upepo wa asubuhi upo, na samaki wapo wapo tu, si kama zamani. Hofu na mashaka ni juu yenu mlioko Dodoma, mbali na maji.

Nianze kwa pongezi. Kwa miaka mingi mmeitangaza nchi yetu kuwa ni ya Kilimanjaro, Zanzibar na Serengeti, na wageni wameitikia. Musoma haimo katika utatu huo, ila hatuna kinyongo, maana kwenye hilo jina la tatu tuna hisa: sehemu kubwa ya Hifadhi ya Serengeti iko ndani ya Mkoa wa Mara, na nyumbu wanapovuka Mto Mara wanavukia kwetu. Mgeni anatua KIA, anakuja kwa gari kutokea Arusha na kupita lango la Naabi, au ndege ndogo inamshusha Seronera. Anawapiga picha nyumbu, analala hemani, kisha anarudi alikotoka kupanda ndege ya Zanzibar akapumzishe mgongo. Lango la Ndabaka liko kando kabisa ya barabara ya Mwanza–Musoma. Abiria wa mabasi yetu wanaliona vizuri dirishani.

Kwa hiyo uzoefu wa kupitwa na watalii tunao, tena wa daraja la juu. Tunachoomba sasa ni kupitwa kwa mkataba.

Wazo hili nililipata semina. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilituita watu wa Kanda ya Ziwa tukajifunze utalii endelevu katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, ambayo nayo sitaitaja. (Najua utalii si jambo la Muungano na Zanzibar hamna mamlaka nayo; ndiyo maana siwalaumu, nawasimulia tu.) Barua ya mwaliko ilikuwa fupi: kwa kuwa mwandaaji amegharamia kifurushi kamili cha malazi, chakula na vinywaji, posho ya kujikimu haitalipwa. Ninyi ni watu wa serikali, mnajua sentensi hiyo inavyouma. Mtu ametoka stendi ya Bweri alfajiri, amekaa kwenye basi mpaka miguu imevimba, amepanda boti Dar es Salaam na kutapika njiani, halafu anaambiwa atakula tu.

Tukala.

Mapokezi walinifunga mkononi kamkanda ka plastiki ka rangi ya chungwa, kasikovulika bila mkasi. Baada ya Vita vya Kagera, Mwalimu alituomba Watanzania tufunge mikanda kwa miezi 18. Ile ilikuwa ya kiunoni, na wengi wetu tulipitiliza muda. Hii ya mkononi inafanya kazi kinyume chake. Ukiionyesha unapewa. Maji unapewa, bia unapewa, soseji saa 5 usiku unapewa. Hakuna anayetoa pochi wala anayeuliza bei. Umejiunga na bando lisiloisha, na hata ukilala linaendelea kukuhudumia.

Ndipo nilipojua Ujamaa ulikokimbilia. Tuliupeleka vijijini kwa malori mwaka 1974 ukagoma, kumbe ulikuwa unasubiri pajengwe bwawa la kuogelea. Mle ndani fedha imefutwa. Kila mmoja anachota kwa kadiri ya tumbo lake. Daktari bingwa wa Milano na fundi bomba wa Warsaw wanasimama foleni moja ya mayai, na hakuna mwenye mikanda miwili, kama vile Azimio la Arusha lilivyokataza kiongozi kuwa na mishahara miwili. Upungufu niliouona ni mmoja: kijiji cha ujamaa kilikuwa na wanakijiji.

Mtindo huu una baba yake. Mbelgiji mmoja, Gérard Blitz, aliuanza mwaka 1950 kwa mahema huko Alcúdia, kisiwani Mallorca, Hispania, na klabu yake ikaitwa Club Méditerranée. Baadaye wageni wake wakawa wanavaa shanga na kulipia vinywaji kwa shanga hizohizo, ili habari za pesa ziwatoke kabisa kichwani. Ninyi mnaotunza historia mtakumbuka kwamba hata huku bara misafara iliwahi kuja na shanga, watu wakazivaa, na pembe za ndovu zikaondoka. Ni bidhaa ya siku nyingi katika kazi ya kumsahaulisha mtu hesabu.

Mchana mmoja, tulipomaliza mada ya ushirikishwaji wa jamii, tulishuka ufukweni. Ufukwe ni wa umma, mkufunzi alilisisitiza hilo, ila palikuwa na kamba imefungwa kwenye vijiti viwili na mlinzi amejibanza kivulini upande wetu. Ng'ambo ya kamba alisimama kijana mmoja papasi, vikoi begani, picha za Tingatinga amezikunja kwapani. Akamwita mzee wa Kizungu aliyekuwa akipita na mkewe. Mzee akacheka kwa adabu, akageuza nje mifuko ya kaptula yake ya kuogelea. Mitupu, imelowa, ina mchanga. Na hakuwa akidanganya. Pesa yake aliilipa Ulaya kwa wakala, miezi kabla hajapanda ndege, na tangu afike hajahitaji hata sarafu. Kijana akanigeukia mimi wa rangi yake.

"Kaka, kikoi cha shemeji?"

Nikamwonyesha mkono. Akautazama ule mkanda wa rangi ya chungwa, akatikisa kichwa.

"Lo! Na wewe wamekufunga."

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 kutoka nje. Nikataka kupiga hesabu ni wangapi walinunua kikoi, nikaona nisije nikaharibu semina.

Maji hayakuwemo kwenye ratiba ya mada. Lakini mwaka 2012 shirika la Uingereza la Tourism Concern lilichapisha utafiti uliofanyika Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, likakuta kaya ya kijijini inatumia wastani wa lita 93 hivi kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Kwa hesabu ya mtaani kwetu Nyasho, chumba kimoja kinaoga, kinafua na kumwagilia ukoka kwa maji ya kaya 34. Mwekezaji wa Rukuba hapo asiwe na wasiwasi. Sisi tuna ziwa zima, na tuna vijiji vinavyolitazama kila asubuhi huku vikibeba ndoo, kwa hiyo desturi ya kuona maji bila kuyafungulia bombani haitakuwa ngeni.

Jioni ya mwisho, kwenye meza ya samaki, nilikuta kibao kidogo: minofu ya sangara kwa mchuzi wa malimau. Nilisimama pale kidogo. Mnajua kisa cha huyu bwana. Aliletwa ziwani kwetu enzi za mkoloni, miaka ya 1950, akawamaliza furu wengi. Kisha vikaja viwanda vya Mwanza na Musoma vikaanza kumkata. Minofu inapanda ndege, kichwa na mifupa vinarudi mitaani kwa jina la mapanki. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 iliyaonyesha mapanki kwa walimwengu, na mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea kwamba inaichafua nchi. Ubishi ule mimi ulinipita. Mapanki ya kukaanga ukiyapata ya moto, na ugali wa muhogo pembeni, hayana ubaya wowote. Ila sikumbuki ni lini nilikuwa nimemla sangara wa minofu mara ya mwisho, na nimezaliwa anakovuliwa. Ilibidi nivuke bahari nikapewe bure.

Sasa nije kwenye ombi lenyewe. Kisiwa cha Rukuba kiko kata ya Etaro, Musoma Vijijini. Kina mawe makubwa yale ya kwetu, miti, ndege wa kila namna, na jua likizama upande wa ziwa hata mtu mwenye deni hutulia. Zanzibar mwaka 2021 walitangaza kukodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji, nasi tusibaki nyuma. Kuna kasoro ndogo: Rukuba ina watu. Ina wavuvi, ina shule ya msingi, ina kituo cha afya, ina mama ntilie. Msikate tamaa. Hata mandhari inahitaji watu wachache wa kupungia mkono.

Kazi kubwa itakuwa dagaa. Usiku mwezi ukiwa giza, taa za wavuvi zinajaa ziwani mpaka mgeni atadhani ameandaliwa sherehe. Hapo hatuna neno, mwekezaji anaweza hata kuitoza kiingilio. Matatizo ni asubuhi. Wanawake wanawaanika dagaa mchangani na juu ya mawe, wanawageuza kwa mikono, wanafukuzana na kunguru, na kongoti anasimama pembeni akingoja ushuru wake. Harufu yake ndiyo ada ya shule ya watoto wengi hapa, lakini kwa mteja wa Warsaw haikuwemo kwenye kifurushi alicholipia. Tunapendekeza waanikaji wahamishiwe upande wa pili wa kisiwa, na wizara itoe waraka kuhusu mwelekeo wa upepo.

Kuhusu mwalo, sheria mnayo tayari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita hizo tunazijua kwa moyo, maana hutajwa kila mtu wa kawaida anapotaka kusimamisha banda la kukaangia samaki. Wawekezaji sijui wanapimiwa kwa futi gani. Ninachojua ni kwamba mgeni wao hupenda kitanda kitazame maji kwa karibu. Mitumbwi ikikosa pa kutia nanga, mvuvi msimwache hivihivi, mwajirini. Mvisheni shati la maua, awapeleke wageni kuvua sato mmoja, wampige picha, wamrudishe majini. Mjita kumrudisha sato majini akiwa hai na kumpungia mkono, Ndugu Katibu Mkuu, hiyo ndiyo semina tutakayohitaji, na hiyo lazima iwe na posho.

Mtauliza Butiama watasema nini, maana Mwalimu amelala pale na makumbusho yake yapo tangu 1999. Mwalimu hakuwa mtu wa mambo haya. Mwanzoni mwa uhuru alinukuliwa akisema kwamba yeye binafsi hana hamu ya kumaliza likizo yake akiwatazama mamba, lakini wanyama hao wabaki, kwa sababu baada ya almasi na mkonge wao ndio watakaoiingizia nchi fedha. Mtu wa Mara anamwelewa vizuri: kumwona mamba hakuhitaji likizo, kunahitaji ndoo. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mabishano gazetini, wakiuliza hoteli za watalii zinafuata nini katika nchi ya kijamaa. Issa Shivji akayakusanya kuwa kitabu mwaka 1973. Hoteli zikaendelea kujengwa. Na Novemba 1974 TANU ilikutana hapahapa mjini kwetu, ikatoa Azimio la Musoma ili kila mtoto aende shule. Tangu siku hiyo watoto wa nchi nzima hutukumbuka wanapokaribia mtihani.

Masharti yetu hayazidi kiganja. Tunaomba mkanda mmoja kwa kila kaya ya Rukuba, rangi mtachagua wenyewe. Mwenye mkanda huo aruhusiwe kupita kwenye kamba bila kuulizwa anakwenda wapi. Aruhusiwe kuingia jikoni na kumuuliza mpishi nyanya zimetoka wapi, na akisikia zimekuja kwa ndege ilhali za Bunda zinaozea sokoni, apewe kiti amsubiri meneja. Na ile pesa inayolipwa kwa wakala kule Ulaya, kabla haijamaliza safari zake, ipitie Musoma walau kusalimia.

Mkituma wataalamu kuja kukagua kisiwa, wajue kwamba boti ya Mwigobero haifuati saa, inaondoka ikijaa. Wasije na viatu vya ngozi. Mama ntilie wa pale mwaloni anauza sato na ugali, anapokea taslimu au kwa simu, na anapokea kabla hujanawa, kwa sababu ameshawahi kuwahudumia wakaguzi. Malazi na chakula hatutawagharamia. Tunajua ninyi hilo mtalifurahia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Mwigobero,
Musoma.

Nakala: Mwenyekiti wa wavuvi, Rukuba. Kwa taarifa, na ili aanze kupimwa shati.