Barua ya Wazi kwa Mtukufu Mfumo wa Kafala

Mtukufu Mfumo wa Kafala,
Riyadh, Saudi Arabia.

YAH: SHUKRANI KWA IQAMA ILIYOISHA MUDA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Waombaji ni mayaya, madereva, walinzi na mafundi waliotoka Kenya, Uganda na kwingineko Afrika Mashariki kwenda kutafuta riziki katika himaya ya Mheshimiwa. Wanamsalimu kwa heshima zote, kisha wanampongeza. Kazi ya kuomba iqama, kibali cha ukaazi ambacho bila hicho mgeni si mtu, Mheshimiwa amempa mwajiri. Kuihuisha pia ni juu ya mwajiri, kupitia mitandao ya serikali kama Absher. Mwajiri akipitiwa, polisi hawamfuati yeye. Wanamsimamisha yule aliyetumwa dukani kununua maziwa.

Hapo ndipo ustadi unapoonekana. Askari anaingiza namba ya iqama kwenye simu yake, anatazama kioo, anatazama uso. Picha ni yenyewe. Jina ni lenyewe, ingawa kwa herufi za Kiarabu limekuwa jina ambalo hata mama mzazi asingelitambua. Kasoro ni tarehe tu. "Kafili yuko wapi?" Kafili, yaani mwajiri ambaye chini ya kafala ndiye mdhamini wa mgeni, anapigiwa, simu inaita mpaka inakata. Maziwa hayatafika nyumbani leo.

Waombaji wamelisoma pia jedwali la faini na wamelipenda. Kuchelewa kuhuisha iqama mara ya kwanza ni riyali 500. Mara ya pili, riyali 1,000. Mara ya tatu, mgeni anarudishwa kwao. Mwajiri aliyesahau mara zote tatu anabaki kwake, labda akiagiza mfanyakazi mwingine.

Isidhaniwe kwamba sheria imelala. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi ya mwaka 2005 kinamtaka mwajiri alipe ada za iqama na za kibali cha kazi, pamoja na faini za kuchelewa. Si ada ndogo: kampuni yenye wageni wengi kuliko raia kwa kawaida hutozwa riyali 800 kwa mwezi kwa kila mgeni, mbali na ada ya iqama yenyewe. Ndiyo maana wapo mabosi wanaoiacha tarehe ipite wakingoja biashara ichanganye, na wengine wanaozikata fedha hizo kwenye mshahara kana kwamba kifungu hicho kiliandikwa kwa maji.

Tena kuna mlango wa kutokea. Tangu Machi 14, 2021, mfanyakazi wa kampuni ambaye iqama yake imeisha anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ridhaa ya yule wa kwanza, kupitia mtandao wa Qiwa. Akiwa anadai mshahara, anapeleka malalamiko kwenye usuluhishi wa Wizara ya Rasilimali Watu; wasipoelewana ndani ya siku 21 za kazi, shauri linakwenda mahakama za kazi, zilizoanza mwaka 2018. Walinzi na mafundi walipiga makofi.

Mayaya hawakupiga. Mageuzi yale yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, madereva wa familia, watunza bustani, wachungaji na wa mashambani. Kwa yaya, kafili ndiye mwenye nyumba, mwenye funguo na mwenye waifai. Yaya amewekewa utaratibu wa pembeni: mwajiri asipomtolea iqama, au zikipita siku 30 tangu iishe bila kuhuishwa, wizara inaweza kumruhusu ahamie kwingine. Kanuni zilizoanza kutumika Oktoba 2024 nazo zinakataza kumshikia pasipoti. Masharti ya kuifaidi neema hiyo ni mepesi mno: awe na simu ambayo madam hajaichukua, apige 19911, namba ya wizara, aeleweke, apate ruhusa ya kutoka kwenda kufuatilia, na awe na pa kulala usiku wa kwanza. Akitoka bila ruhusa, mwajiri anaweza kumripoti kuwa ametoroka, ndiyo hiyo huroob inayowakosesha watu usingizi. Aliyekwenda kushtaki anageuka mshtakiwa kabla hajafika.

Kuondoka nako kuna utamu wake. Viza ya kutoka moja kwa moja inahitaji iqama iliyo hai. Kwa hiyo mwenye iqama iliyoisha haruhusiwi kukaa, na karatasi ya kuondokea haipati mpaka azunguke ofisi ya kazi na ubalozini, au aingizwe kituo cha tarhil, wanakoshikiliwa wanaorudishwa kwao, kama kile cha Shumaisi karibu na Jeddah.

Kwa unyenyekevu, waombaji wana maombi mawili. Kwanza, kabla yaya hajaandikwa mtoro, iangaliwe kama iqama yake ilikuwa hai siku hiyo, na kama haikuwa hai, aitwe aliyeiacha ife. Pili, jedwali la faini libaki vilevile lilivyo, ila mara ya tatu anayepandishwa ndege awe mwajiri. Nairobi na Entebbe atapokewa vizuri. Atatafutiwa kazi ya ndani, chakula na malazi juu ya bosi, na pasipoti yake itafungiwa kabatini isije ikapotea.

Wako watiifu,
Waombaji.

Nakala: Ejenti aliyewasafirisha, ambaye kwa sasa ni mteja asiyepatikana.