Bastola Iliyompunguzia Babu Umri

Katika ukoo wetu hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa kabla ya kaka yangu mkubwa. Waliomtangulia walizaliwa mwaka wa njaa au mwaka wa nzige, basi. Ndiyo maana Babu alipofariki mwaka 2009, umri wake ulikokotolewa kutokana na bastola.

Hesabu aliifanya baba mdogo. Babu, kama tulivyosimuliwa tangu utotoni, alimpokonya bastola hiyo ofisa wa Kijerumani katika vita vya Tanga, Novemba 1914. Mtu wa kumpokonya Mjerumani bastola hawezi kuwa mtoto, tumpe miaka 18. Kwa hiyo alizaliwa 1896, amekufa na miaka 113. Kadi yake ya kupigia kura ilisema 1 Januari 1924, lakini hiyo, alisema baba mdogo, ni tarehe ya karani. Nusu ya kijiji imezaliwa 1 Januari. Fundi wa marumaru akachonga 1896, akalipwa chake, nasi tukaanza kutembea kifua mbele.

Niliwahi kuchokonoa kidogo. Tanga walishinda Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck. Waliokimbilia melini ni jeshi la Waingereza lililotoka India, wakaacha bunduki na risasi ufukweni huku nyuki wakiwasindikiza. Kama kuna aliyepokonywa kitu siku zile, basi hakuwa Mjerumani.

"Na hao nyuki," akaniuliza baba mdogo, "unadhani aliwachokoza nani?"

Silaha ya marehemu haikai nyumbani. Baada ya arobaini tuliipeleka kituoni, shangazi kaibeba kikapuni chini ya mchicha. Afande wa ghala la silaha, mzee aliyekaribia kustaafu, akaipokea, akaigeuza, akabonyeza kijiti cha pembeni kwa dole gumba. Bastola ikakunjika katikati.

"Uwii! Ameivunja ya marehemu!"

Afande akamwonyesha shangazi kwamba hufunguliwa hivyo: mtutu unainamia mbele, na kidude cha katikati kinapanda kutema maganda yote sita kwa mpigo. Kilichotoka ni buibui.

"Ya mwaka gani hii?" akauliza.

"Kumi na nne," baba mdogo akawahi.

"Thelathini na nane," akasema shangazi, miwani puani, kidole kwenye mtutu. "Si imeandikwa hapa?"

Afande akasema hicho ni kipimo cha tundu la mtutu, kwa sehemu za inchi. Shangazi akaendelea kusoma. Pembeni palikuwa na tani 3½.

"Tani tatu na nusu! Mbona nimekuja nayo na mchicha?"

Hiyo, afande akaeleza kwa subira ambayo sijawahi kuiona kituoni, ni nguvu ya baruti ndani ya silaha kwa kila inchi ya mraba. Uingereza silaha hujaribiwa na kugongwa alama hizo kabla ya kuuzwa kwa raia. Akaonyesha na vijishale viwili vinavyogusana ncha: mshale mmoja ni mali ya jeshi, wa pili ni kwamba jeshi limeiuza. Baba mdogo akajikohoza.

Alibakiwa na hoja ya nyundo. Nyundo ya bastola ile haina kipembe cha kuvutia kwa dole gumba, na kwetu kila mtoto anajua kwamba kilivunjikia kwenye paji la uso la Mjerumani. Afande akatikisa kichwa. Toleo hili lilianza kutengenezwa 1938 bila kipembe. Wanasema kiliwanasa askari wa vifaru. Kisha akafuta vumbi ubavuni, juu kidogo ya mpini. Ikatokea taji, chini yake Enfield, na chini kabisa 1941.

Shangazi akahesabu kwa vidole. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1941 alizaliwa 1923. Karani wa kadi za kura alikosea mwaka mmoja tu.

Mimi nilifurahi, ingawa sikuthubutu kusema. Babu alikuwa karani wa chama cha ushirika cha pamba, mtu wa kupita porini na fedha za wakulima msimu wa mauzo. Alikata leseni, akanunua bastola kama anayenunua baiskeli. Hadithi hiyo naiamini, na wala haihitaji nyuki.

"Na marumaru tushalipia," akanong'ona shangazi.

Baba mdogo alikuwa bado anaitazama ile namba. "Afande, 1941, 1914, tarakimu si zilezile? Vita vimepamba moto, kijana wa kiwandani ana haraka, kagonga nne kabla ya moja. Wewe andika tu ilivyokusudiwa."

Afande akaandika risiti, akagonga muhuri, akatuonyesha mlango. Baba mdogo aliisomea nje, akiiinua juani: bastola moja, kongwe.

"Umeona?" akanigeukia. "Kongwe. Serikali yenyewe imekubali."