Litukuzwe Bando la Siku

Washairi wa pwani wameusifu mnazi kuanzia mizizi hadi makuti, wakalisifu jahazi, wakaisifu hata kahawa chungu. Kitu ambacho Mtanzania hukigusa kila siku kabla hajagusa chai bado kinasubiri utenzi wake, nacho ni bando. Halina umbo wala harufu. Huja kwa ujumbe mfupi na kuondoka kwa ujumbe mfupi. Vijiweni linatukanwa, kwenye daladala linalaaniwa, bungeni linaulizwa maswali ya nyongeza. Umefika wakati apatikane wa kulitetea.

Sifa yake kuu ni kwamba linajua kufa. Uniti za LUKU zilizonunuliwa Machi zinawasha taa Juni bila haya yoyote. Bando la saa 24 lina adabu zaidi. Saa yake ikitimu, hata kama mwenyewe ametumia nusu tu, linaondoka na nusu iliyobaki, halidai wala halidaiwi. Muuza mchele akitaka kuiga ustaarabu huo, auze kilo mbili asubuhi kisha jioni aingie jikoni kwa mteja kukusanya ambazo hazijapikwa, atafikishwa kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya isha. Bando limefanya hivyo miaka nenda miaka rudi, na mteja hurudi kesho yake na jero mkononi.

Wenye roho ndogo huuliza MB zile zinakwenda wapi. Hawajaelewa biashara. MB haiwekwi ghalani ikaoza. Mnara ukishajengwa, ukapata umeme na kuungwa kwenye mkongo, sehemu kubwa ya gharama zake ni ileile usiku na mchana, awepo anayetazama video au wawe wamelala wote. Kinachoadimika ni nafasi hewani saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni kwa pamoja. Kwa hiyo kinachouzwa hasa ni zamu. Safaricom ya Kenya imelieleza jambo hili vizuri kuliko mhadhara wa uchumi: GB 1 ya kutumiwa ndani ya saa moja imekuwa ikiuzwa kwa shilingi 19 za Kenya, na GB 1 ya kutumiwa ndani ya saa 24 kwa shilingi 99. Data ni moja. Shilingi 80 zinazozidi ni bei ya kutokuwa na haraka. (Kwamba MB zisizotumika nazo zimeshalipiwa, na hazihitaji mnara wowote kuzibeba, ni bahati tu, na si adabu kuitaja mbele ya wageni.)

Halafu kuna elimu. Bando ni mwalimu wa hesabu asiyedai mshahara wala nyumba ya kuishi. Mama lishe hulinganisha kichwani, huku anapindua chapati, dakika kwa SMS kwa MB, siku kwa wiki kwa mwezi, “mtandao wetu” kwa “mitandao yote”, na anajua kwa hakika ni kifurushi kipi cha buku kilichopunguzwa tangu Jumamosi ingawa bei haikubadilika. Dereva wa bodaboda aliyeisahau Sheria ya Newton mara tu baada ya mtihani hutamka bila kukwama: nyota, mia moja arobaini na tisa, nyota, sifuri moja, reli. Wanafunzi wa vyuo wamejifunza kuamka usiku wa manane, saa ambayo zamani iliachiwa wacha Mungu, walinzi na wachawi, ili washushe vitabu kwa bando la usiku.

Na salamu? Waswahili hawakuwahi kufupisha salamu kwa sababu yoyote. Ukoloni ulikuja ukaondoka, shikamoo ikabaki na mkia wake wote: hujambo, watoto hawajambo, mzee anaendeleaje na mguu, mvua huko zimenyesha. Bando la dakika chache limeweza. Siku hizi mtoto humpigia mama yake kijijini na kuanza moja kwa moja na jambo lenyewe. Mguu wa mzee unasubiri bando la wiki. Asiyekuwa na bando kabisa naye hakuachwa yatima, maana kuna kubipu, namna ya kuzungumza ambayo haijawahi kumwingizia mtu yeyote senti moja, na labda ndiyo sababu hakuna kampuni iliyowahi kuitangaza.

Linganisha na mkataba wa Ulaya. Ndugu aliyeko London husaini miezi 24, huchunguzwa kwanza historia ya madeni yake, kisha kila mwezi benki hukata fedha, apige simu asipige. Kwa miaka kadhaa mikataba mingi ya huko ilikuwa na kifungu cha kupandisha bei katikati ya safari kwa kufuata mfumuko wa bei, pamoja na asilimia za juu yake, mpaka mdhibiti wao, Ofcom, alipokipiga marufuku kwenye mikataba mipya kuanzia Januari 2025. Sasa kampuni ikitaka kupandisha bei lazima itaje mapema ni pauni ngapi na peni ngapi. Bando la Kariakoo halina kifungo cha namna hiyo. Linamfunga mtu kwa siku moja, na likitaka kupanda bei linapanda tu.

Wapo wanaosema dawa ya yote haya ni serikali kutoa huduma ya simu yenyewe. Wengi wao walizaliwa baada ya 1994. Kabla ya hapo simu ilikuwa mali ya Shirika la Posta na Simu, mrithi wa shirika la Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, na huduma ile ya umma haikuwa na bando. Ilikuwa na foleni. Aliyetaka simu nyumbani alijaza fomu na kusubiri miaka, na majirani walioona nguzo inasogea mtaani walijua kuna mkubwa amehamia. Hata mwanzoni mwa karne hii laini za mezani nchi nzima hazikufika laki mbili. Leo laini za simu za mkononi zimepita milioni 70, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, wakiwamo wanaonyonya.

Serikali yenyewe imekuwa ikienda na kurudi kama mtu aliyesahau kitu. TTCL, kampuni ya simu iliyorithi Shirika la Posta na Simu, ilianza kazi mwaka 1994. Mwaka 2001 asilimia 35 ya hisa zake ikauzwa kwa wawekezaji. Mwaka 2016 serikali ikazinunua tena kutoka Airtel, ambayo wakati huo ndiyo iliyozimiliki, kwa shilingi bilioni 14.9, mwaka 2017 ikatungwa sheria ya kuifanya shirika kamili la umma, na wananchi wakaalikwa kwa kaulimbiu ya “Rudi nyumbani kumenoga”. Mwaka 2019 ikakubalika pia kwamba serikali iwe na asilimia 49 ya Airtel Tanzania. Matokeo yake ni mpangilio unaostahili ubeti wake peke yake: serikali inauza bando kupitia TTCL, ina hisa kwa anayeshindana na TTCL, inaweka masharti kwa wote kupitia mdhibiti wake, TCRA, na inatoza kodi bando la kila mmoja wao.

Kodi hiyo ndiyo inayofanya bando lipendwe hata na wasiolitumia. Kwa miaka kadhaa ulikuwapo ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, na juu yake VAT ya asilimia 18, ambayo hutozwa na juu ya ushuru wenyewe. Ukipiga hesabu, katika buku moja ya vocha kama shilingi 276 zilikwenda hazina kabla mtu hajasema “haloo”. Mlevi hulipa ushuru wa namna hiyo na wenzake humwelewa. Bia ina dhambi. Ni vigumu zaidi kueleza dhambi ya mwanafunzi anayetafuta matokeo yake ya kidato cha nne.

Mwaka 2021 bando lilipata majaribu yake makubwa. TCRA ilitoa kanuni zilizonuia mema: mteja ajulishwe kifurushi kinapokaribia kuisha, aweze kumhamishia mwenzake, na MB zilizobaki ziendelee kuishi iwapo atanunua tena kifurushi kilekile kabla muda haujakwisha. Yaani marehemu angeweza kuokolewa, kwa sharti la kulipiwa upya akiwa bado anapumua. Ijumaa Kuu, Aprili 2, vifurushi vipya vikaingia sokoni, na watu wakakuta fedha ileile inanunua kidogo kuliko jana. Kelele zilizopigwa siku hiyo mitandaoni (kwa MB zilizobaki za bei ya zamani, bila shaka) zilikuwa kubwa kiasi kwamba mabadiliko yalisitishwa siku hiyohiyo na vifurushi vya awali vikarejeshwa. Si rahisi kutaja jambo jingine la umma nchini lililogeuzwa baina ya asubuhi na jioni. Katiba mpya imedaiwa kwa miaka mingi na bado ipo foleni. Bando lilisikilizwa kabla ya futari.

Furaha haikudumu. Julai 15 mwaka uleule ikaanza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa kutuma au kutoa fedha, mbali na makato ya kampuni. Ilipunguzwa kwa asilimia 30 ilipofika Septemba, na ikapunguzwa tena mwaka uliofuata. Fedha zake ziliahidiwa madarasa, vituo vya afya na barabara za vijijini. Hapa swali la kama serikali itoe huduma ya simu lilipata jibu ambalo hakuna aliyelitarajia: simu ndiyo iliyopangiwa kutoa huduma za serikali.

Majirani hawakuwa nyuma. Uganda ilianza Julai 2018 kutoza shilingi zake 200 kwa siku kwa kila anayefungua WhatsApp au Facebook, kodi iliyolipwa kabla bando halijafanya kazi yoyote. Miaka mitatu baadaye ikaiacha na kuweka asilimia 12 juu ya data yenyewe. Kongo ilikuwa na RAM, ada ya kusajili kifaa cha simu, iliyokatwa moja kwa moja kwenye salio. Mtu wa Goma au Lubumbashi aliweka salio ili ampigie mwanawe na kukuta serikali imeshapiga kwanza. Ilifutwa mwaka 2022, baada ya manung'uniko marefu.

Kuna jambo ambalo wanaolisifu bando hawapendi kulitaja, kwa sababu linaharibu utenzi. Kampuni moja hulipa nyingine kila mteja wake anapopiga simu kwenye mtandao wa pili. Malipo hayo yalikuwa shilingi 112 kwa dakika hadi mwanzoni mwa 2013, na ndiyo yaliyowafanya watu watembee na laini tatu na simu za Kichina zenye nafasi mbili, kila ndugu akipigiwa kwa mtandao wa kwake. TCRA ikayashusha hadi shilingi 34.92 mwaka huo, ikaendelea kukata mwaka hadi mwaka, yakafika shilingi 2 mwaka 2022. Hakukujengwa shirika, hakukununuliwa hisa, hakukupigwa ngoma. Maneno “mitandao yote” kwenye menyu, ambayo mama lishe sasa anayaona ni haki yake ya kuzaliwa, yaliwezekana kwa karatasi za namna hiyo. Hakuna kiongozi aliyepigwa picha akikata utepe wa gharama za mwingiliano wa mitandao, na pengine hiyo inaeleza kwa nini kazi za aina hiyo ni chache.

Minara ndiyo hupendeza kwenye picha, na kwa haki yake. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, huchangia kampuni ili zijenge mahali ambapo biashara peke yake isingekwenda. Mwaka 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713. Pasipo mkono huo wa umma, mkulima wa kata ya mbali angeendelea kupanda kichuguu kutafuta mawimbi, na bando lingemfia hapo juu ya kichuguu. TTCL ilipanda juu zaidi. Agosti 2022 ilizindua intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kisha ikaifikisha kilele cha Uhuru, mita 5,895. Inasaidia waongoza watalii na wapagazi likitokea la kutokea, na hilo si dogo. Pia ilimaanisha kwamba mtalii aliweza kurusha picha kutoka paa la Afrika wakati ambapo kata kadhaa chini yake zilikuwa bado zinasubiri mnara.

Kwa hiyo wale wanaotaka simu ya serikali hawana haja ya kuandamana. Ipo, ina ofisi, ina mkongo wa taifa inaousimamia, ina laini za kuuza. Nayo inauza vifurushi vya siku, vya wiki na vya mwezi. Vinaisha muda. Mwananchi aliyeitikia wito akarudi nyumbani, akakuta kweli kumenoga, hupokea kutoka kwa shirika lake mwenyewe ujumbe wa aina ileile aliyoikimbia kwa wawekezaji, kwa Kiswahili sanifu, ukimwarifu kwamba kifurushi chake kimekwisha na kumwomba ajiunge tena.