Wabeja Sana, Mjuaji wa Kijiweni

Wafalme wameimbiwa, wachezaji mpira wameimbiwa, hata ng'ombe wa Kisukuma wana nyimbo zao. Mjuaji hana wa kumwimbia. Namsema yule ndugu yetu ambaye mazungumzo ya dawa yakianza kwenye kijiwe cha kahawa, iwe Katoro, Nyarugusu, Kahama au Shinyanga mjini, huyamaliza kabla kikombe cha kwanza hakijapoa. Wabeja sana, Ngosha. Leo ni zamu yako. Kaa hapo kwenye benchi usinikatize, japo najua utanikatiza.

Kasi yako haina mfano. Daktari husoma miaka mitano, na bado atataka damu, mkojo na makohozi kabla hajatamka neno. Mganga wa kienyeji naye atataka kuku ampasue, amsome. Wewe huhitaji hata kuku. Mchimbaji anatoka kwenye karasha, mweupe kwa vumbi, anakohoa, anauliza kwa sauti ya chini kama yupo aliyewahi kutumia zile dawa za Kichina za kifua zinazotembezwa mnadani. Hajafika mwisho wa swali, umeshatoa hukumu: "Majani ya chai hayo, bwana. Umepigwa!" Benchi zima linacheka. Mgonjwa naye anacheka kwa adabu, anakunywa kahawa yake, ananyamaza. Kazi safi! Swali alilokuja nalo halitamsumbua mtu tena. Pakiti ataificha chini ya godoro na kuinywa usiku, na siku akifika zahanati akaulizwa anatumia dawa gani nyingine, atajibu "hakuna," maana ameshafundishwa kwamba jambo hilo huchekwa.

Nisisahau kumbukumbu yako, inavyojua kuchagua. Malaria ikikulaza unameza mseto siku tatu, asubuhi na jioni, bila ubishi. Hukumbuki, wala hupendi kukumbushwa, kwamba sehemu ya mseto huo asili yake ni mmea wa Kichina wa jamii ya pakanga. Tabibu Ge Hong aliuandika katika karne ya 4: chukua konzi ya majani, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Watafiti wa karne ya 20 walipata shida, dawa ikifanya kazi leo na kesho isifanye, mpaka mmoja wao, Tu Youyou, aliporudi kwenye maneno ya Ge Hong akaona kwamba hapakutajwa moto. Akaacha joto kali, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 dawa ikatoka. Nobel ilimfikia mwaka 2015. Sisi Tanzania Bara tulikuwa tunameza mseto tangu 2006. Mimea mingine mingi waliyoijaribu ilishindwa, na hilo nalo lingefaa kusemwa kijiweni, kama ungetupa nafasi.

Hapo pacha wako, anayekaa ncha ya pili ya benchi, atadakia: "Mnaona? Dawa ya asili haina madhara!" Huyu naye namsifu. Wewe unakataa zote, yeye anakubali zote, na hakuna kati yenu aliyewahi kuuliza kilichomo ndani ya pakiti. Basi asikie: Ge Hong huyohuyo aliyetuachia konzi ya majani aliutafuta pia uzima wa milele katika dawa ya dhahabu na katika jiwe jekundu linalotoa zebaki. Jiwe hilo lingalimo katika baadhi ya dawa za Kichina hadi leo. Ndiyo, zebaki, ileile ambayo mchenjuaji wa Mgusu au Rwamgasa anaichanganya na mchanga ikamate dhahabu, kisha anaichoma juu ya moto na kuuvuta moshi wake. Imetoka ardhini, hakuna kiwanda kilichoiumba, na dunia imelazimika kuiwekea Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Nenda kamwambie mchenjuaji mwenye mikono inayotetemeka kwamba cha asili hakidhuru.

Lakini haki yako nisikunyime. Kuna mara moja ulisema kweli tupu. Hapa Shinyanga palikuwa na kiwanda cha Wachina cha kuchinja punda. Ngozi zilikuwa zinatafutwa kwa ajili ya ejiao, gundi inayochemshwa kutokana na ngozi hizo na kuaminiwa na Wachina kwamba inaongeza damu. Ulipiga kelele kwamba wanyama wetu wa kubebea maji na kuni wataisha, ukaitwa mchochezi. Punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja, kwa hiyo hesabu ilikuwa upande wako. Mwaka 2022 Serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukafanya hivyo kwa bara zima. Ushindi huo ndio uliokumaliza. Tangu siku hiyo mtu akiuliza juu ya sindano za Kichina, au mafuta ya kuchulia mgongo, au chai tu ya tangawizi, unamjibu, "Punda!" na mjadala umefungwa.

Wazee wetu hawakuwa na ustaarabu huo. Nao waligombania dawa, tena vikali. Ngika na Gumha walikuwa waganga, kila mmoja akijigamba kwamba dawa yake ndiyo yenye nguvu, na wafuasi wao ndio Bagika na Bagalu wanaocheza ngoma Usukuma mpaka leo mavuno yakishaingia. Ona walivyopungukiwa akili: badala ya kumcheka mgonjwa, walitafuta uwanja. Makundi mawili, siku moja, kila moja upande wake. Kumsema mpinzani ruksa, ila neno ulitunge lijengeke, liimbike. Mshindi ni aliyevuta watu wengi. Kwa hiyo mgeni asiyejua lolote juu ya Ngika wala Gumha anakaribishwa kwa vigelegele, kwa kuwa ushindi uko miguuni mwake. Kwako, mgeni wa namna hiyo akifika kijiweni, anaondoka hajui aiweke wapi sura yake.

Na uhodari wako wa kuhukumu haraka unakua vizuri katika udongo huu, sitakuficha. Ni ukanda huuhuu ambamo vikongwe wenye macho mekundu kwa moshi wa kupikia waliitwa wachawi na kuuawa, ambamo ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa kwa ajili ya utajiri wa migodini na ziwani, hadi Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku ramli chonganishi. Watu wengi walikuwepo neno la kwanza lilipotupwa, na wengi walicheka.

Sasa, Ngosha, nakuomba malipo ya sifa hizi zote. Kesho mchimbaji yule akirudi, mwache amalize swali lake. Muulize dawa hiyo inaitwaje, kaiuza nani, na kama imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, ambayo dawa za Kichina nazo zimo ndani yake. Muulize amekohoa kwa muda gani. Akisema wiki mbili au zaidi, mwambie kipimo cha kifua kikuu na dawa zake ni bure katika vituo vya Serikali, aende leo, na ile pakiti aende nayo mkononi amwonyeshe tabibu. Kahawa yake utalipa wewe.