Jinsi ya Kuumba Dunia kwa Jumamosi Moja

Kwanza, mwambie kila mtu kwamba ramani ni ya riwaya. Riwaya haitaandikwa, ila itakupa udhuru wa kukwepa kikao cha harusi ukabaki nyumbani, mbele ya kompyuta, ukipanga milima ya nchi isiyokuwepo.

Anza na kelele. Si za mtaani. Ni zile za Ken Perlin, aliyefanya kazi kwenye filamu ya Tron ya mwaka 1982, akachoshwa na picha za kompyuta zilizonyooka mno, akabuni namna ya kupata namba za nasibu zinazopanda na kushuka taratibu bila kurukaruka. Mwaka 1997 alipewa tuzo ya Oscar ya ufundi kwa kazi hiyo. Wewe utainakili bure. Tandaza tabaka pana la mabara, juu yake weka lenye mawimbi mafupi zaidi na kimo nusu, kisha jingine, na jingine. Kilichoangukia chini ya kimo fulani kipake bluu. Utapata kitu kinachofanana na ukungu kwenye ukuta wa bafu. Kiite funguvisiwa.

Nchi kavu itakatwa na ukingo wa ramani, kwa hiyo punguza kimo kadiri unavyosogea pembeni. Ndiyo maana dunia nyingi za namna hii ni kisiwa kimoja katikati ya bahari, na wakazi wake hawaulizi kwa nini.

Sasa mito, ambayo ndiyo itakayokula muda wako wote. Kwa nadharia, kila tone huteremkia jirani aliye chini zaidi. Lakini nasibu haijui kwamba maji yana uzito: imechimba mashimo kila mahali, na mto wako mkuu utajikongoja hatua nne ufe. Dawa yake ni kuanzia baharini na kupanda bara, ukihakikisha kila kijisehemu kipya kiko juu kidogo ya kile ulichotokea. Hapo kila tone litakuwa na njia ya kurudi. Ukichoka katikati, acha mto mmoja uishie ziwani, na wakosoaji uwaelekeze Rukwa, ziwa ambalo nalo halina mto wa kuyatoa maji yake kwenda baharini. Ila mto unaogawanyika kileleni ukafika bahari mbili, huo ni vigumu kupata wa kukutetea.

Ukijaza mashimo kwa pupa, maziwa yatashikana yawe dude moja la kutisha. Usione haya. Johannes Rebmann na Jakob Erhardt, wamisionari waliokuwa pwani yetu, walikusanya habari za watu wa misafara, wakatoa ramani ambamo Viktoria, Tanganyika na Nyasa ni ziwa moja lenye umbo la konokono asiye na nyumba. Mabwana wa jiografia wa London waliijadili mwaka 1856, na mwaka uliofuata wasafiri Burton na Speke wakaondoka pwani kwenda kujionea wenyewe. Wamisionari wale hawakuwa hata na programu ya kuisingizia.

Mvua ni kazi ndogo: amua upepo unatoka wapi, upande wa mlima unaoukabili upake kijani, wa nyuma kahawia. Nyanda za juu za Ngorongoro huzinyima mvua mbuga za nyasi fupi za Serengeti vivyo hivyo, kwa hiyo ushahidi unao.

Majina yaachie mashine iunganishe silabi, lakini iwekee mipaka. Mji mmoja ukiwa Velumo na wa jirani Tarumo, watu wataamini kuna lugha hapo. Na usichomeke ritifaa katikati ya jina ili lionekane la kale. Ritifaa ina kazi ya kutosha kwenye ng'ombe.

Halafu iandike mahali namba mbegu, yaani ile ambayo nasibu yako yote ilianzia. Namba ileile huzaa dunia ileile, hadi ghuba ya mwisho. Elite, mchezo wa mwaka 1984, ulibana galaksi nane zenye sayari 256 kila moja kwa ujanja huo. Usipoiandika, ile ramani nzuri kuliko zote, yenye bandari pale hasa ilipotakiwa, itapotea ukibonyeza kitufe mara moja zaidi. Na utabonyeza.