Sultani Ana Mawazo

Wanaume wa ukoo wetu upara huwaanzia utosini. Sultani, paka wetu, ulimwanzia tumboni, ukashuka mapajani, na ulipofika penye shina la mkia, nusu ya mtaa wetu wa Ngamiani ilikuwa imeshatoa hukumu. Jirani wa kulia alisema ni kijicho. Wa kushoto akasema ananyimwa samaki. Shangazi, ambaye hajapata kufuga hata kuku, akamtazama akijilamba, akatikisa kichwa: "Huyu ana mawazo."

Mke wangu, Mama Zuhura, akadai mawazo hayo nimeyaleta mimi, kwa kuhamisha kochi analolalia. Shemeji, mtu wa vitendo, akampaka mafuta ya nazi. Sultani akayalamba yote, akakaa mkao wa kusubiri mengine.

Ulimi wa paka si mchezo. Umejaa vijimiba vigumu, vya jamii ileile ya kucha, vilivyopinda kuelekea kooni. Vinachana manyoya vizuri, ila akizidisha vinayakata. Ukimpapasa Sultani tumboni ulihisi kidevu cha mzee aliyenyoa juzi.

Daktari wa mifugo hakuuliza habari za kochi. Alichukua chanuo la meno ya kubanana, akachana mgongo kuelekea mkiani, akakung'uta vumbi jeusi juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Tukainama. Vipunje vikaanza kuchuja rangi ya kutu.

"Damu," akasema. "Kinyesi cha kiroboto."

"Kiroboto? Nyumbani kwangu?" Mama Zuhura alisimama. Sakafu yake unaweza kulia wali. "Daktari, mbona hatujamwona hata mmoja?"

"Mtamwonaje, mama? Amewameza."

Kumbe paka mwenye mzio wa mate ya kiroboto hahitaji jeshi. Wachache tu wakimuuma anawashwa siku kadhaa. Anajilamba, na katika kujilamba anakula watuhumiwa. Tena wanaoonekana mwilini ndio wachache. Mayai na mabuu yamo mikekani, kwenye kochi, mvunguni. Mawazo nayo huweza kumfanya paka ajinyonyoe, daktari alikiri, lakini hushtakiwa mwisho, baada ya kuchunguza wadudu, chakula, hata maumivu ya kibofu. Shangazi, aliposimuliwa, alisikia "huweza" peke yake.

Jioni shemeji akaja na chupa ya dawa ya viroboto ya mbwa wake, bei nafuu. Nikamzuia mlangoni. Nyingi za mbwa zina pemethrini, ambayo mbwa huivumilia na paka humuua. Aliondoka amenuna, chupa mfukoni.

Sultani akatiwa dawa yake shingoni, pale ulimi usipofika. Sisi tukafua mapazia, mashuka, mito, na kochi tukalitoa uani kuligongagonga, jambo ambalo lilivuta watazamaji.

"Kuna nini, Mama Zuhura?" akauliza jirani wa kushoto juu ya ukuta.

Mke wangu hakusita. "Ni paka, dada. Ana mawazo. Baba Zuhura anamsumbua mno."