Biashara Nzuri, Ila...

Ukipita mtaani kwetu Posta, Dar es Salaam, ukamuuliza mwenye duka habari za biashara, atakujibu, "Nzuri." Kisha atavuta pumzi. "Ila..." Hapo tafuta pa kukaa, maana hiyo "nzuri" ndiyo imekwisha, na "ila" ina kodi ya pango, ada za watoto na friji iliyouzwa juzi.

Frem yangu iko hatua chache kutoka Sanamu ya Askari, yule aliyesimama pale na bunduki yake tangu 1927. Nauza vifaa vya ofisi: mafaili, pini, wino wa mihuri. Siku hizi mimi na Askari kazi yetu moja, kusimama na kutazama watu wanavyopita. Tofauti ni kwamba yeye halipi pango.

Kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma kuliamuliwa 1973, na kwa miaka zaidi ya arobaini tuliisikia habari hiyo kama unavyomsikia jirani akisema ataacha pombe. Kuanzia 2016 jirani akaacha kweli. Makarani waliokuwa wakija na gari kubeba mafaili kwa katoni wakafunga virago, na waliobaki barua wanaandikiana kwenye kompyuta. Mama lishe wa nyuma ya jengo letu alikuwa akipika masufuria matatu ya wali. Sasa anapika moja, na saa nane ukifika unalikuta nusu. "Wamehama na njaa yao," ananiambia.

Wateja wapo, nisikufuru. Juzi kaingia kijana, kasimama chini ya feni mpaka jasho likakauka, kisha akachukua mashine ya kubania karatasi, akaiweka kaunta na kuipiga picha. Picha ikaenda kwa mtu wake wa Kariakoo: "Huko bei gani?" Yote hayo mbele yangu. Tena akaniambia, "Mjomba, sogea kidogo, unatia kivuli." Nikasogea.

Wasiokosa kuja ni wenye vitabu vya risiti. Leseni, zimamoto, takataka, bango. Bango langu limebakiwa na herufi saba, lakini nalilipia na zile zilizodondoka. Hela ya usafi natoa, na mvua ikinyesha robo saa tu mtaro unatapika mlangoni maji ambayo adabu hainiruhusu kuyaeleza. Mteja mwenye viatu vya ngozi anayaangalia, ananiangalia mimi, anaondoka.

Basi mwezi uliopita wenye maduka tukaitwa kikao. "Njooni mseme ukweli, msiogope." Usiku wake, kwenye kahawa, tukagawana ukweli kama mirathi: huyu atasema mtaro, yule pango, mimi nikapewa utitiri wa tozo. Jirani yangu wa duka la viatu, mkali kuliko sisi wote, aliapa kwamba kesho patachimbika.

Kesho yake tukakuta viti vimevishwa vitambaa na kila mtu na chupa yake ya maji. Mkali wetu akasimama wa kwanza. "Awali ya yote napenda kushukuru..." Akashukuru dakika sita, akamshukuru hata aliyepanga viti, akaketi. Mtaro haukutajwa. Wa pango akaomba tu kikao kama hicho kiwe cha kila mwaka.

Nikajisemea, leo ndiyo leo. Kipaza sauti kikanifikia, mkono unatetemeka. Mgeni rasmi, mtu mpole kwa kweli, akaniwahi kwa tabasamu: "Mzee wangu, habari za biashara?"

Mdomo ukafanya ulivyozoea. "Nzuri, mheshimiwa."

Nilikuwa ndiyo kwanza navuta pumzi. Kijana wa kipaza sauti akanipokonya kwa heshima zote, akampelekea mwingine. Niliona kwa macho yangu katibu akiandika: nzuri.

Kwa hiyo, mheshimiwa, kama gazeti hili linafika huko Dodoma, kile ulichosoma hapo juu ndiyo "ila" yangu, iingizwe kwenye muhtasari. Halafu nina mafaili 400 ya buluu, hayajaguswa. Bei tutaelewana, usafiri juu yako.